Wanaotaka nchi iendeshwe kama kampuni

Magomeni, Dar es Salaam

Mwandani wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi tu wazima, ni joto tu linalotuadhibu. Uliniuliza kuhusu wale Wamarekani wanaodai kwamba demokrasia imefika ukingoni, na kama ni kweli fikra zao zimeanza kuwaingia vijana wetu. Zimewaingia, ingawa wengi wanaozirudia hawajui zilikotoka.

Kinara wao ni Curtis Yarvin, mtaalamu wa programu za kompyuta aliyeanza kuandika mwaka 2007 kwa jina la bandia la Mencius Moldbug. Kwake yeye nchi ni mali: iwe na wanahisa, wanahisa wamteue mkurugenzi mtendaji mwenye mamlaka kamili, naye aendeshe dola kwa faida, huku mwananchi asiyeridhika akihama kama mteja anavyohama duka. Vyuo vikuu na vyombo vya habari anaviita kwa pamoja Kanisa Kuu, kwa kuwa, asemavyo, ndivyo vinavyoamua watu waamini nini ilhali havikuchaguliwa na mtu. Mwaka 2012 Nick Land, mwanafalsafa Mwingereza aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Warwick, aliyapanua mawazo hayo na kuyapa jina la Mwangaza wa Giza. Wangebaki watu wa pembeni kama si fedha na madaraka: bilionea Peter Thiel, aliyeandika mwaka 2009 kwamba haamini tena kuwa uhuru na demokrasia vinapatana, ni miongoni mwa waliomuunga mkono Yarvin, na J.D. Vance alimtaja Yarvin kwa jina mwaka 2021, kabla hajawa makamu wa rais.

Sikatai kwamba wanagusa penye kidonda. Juzi kijiweni kijana mmoja mhasibu, kikombe cha kahawa mkononi na kashata yake haijaguswa, alituuliza: “Kampuni ikipata hasara miaka mitano mfululizo, meneja si anafukuzwa? Mbona sisi tunapanga foleni kumwongezea mkataba?” Wazee walicheka, kisha wakanyamaza. Akaitaja Singapore, kama wanavyoitaja wote, na Lee Kuan Yew aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1959 hadi 1990. Hakutaja kwamba hata Lee alikuwa akirudi kwa wapiga kura, ijapokuwa uwanja ulimwelemea mpinzani.

Ninachostaajabu ni kwamba jambo hilo lilikwisha kujaribiwa hapa hapa pwani. Mjerumani Carl Peters alipata hati ya ulinzi ya Kaizari wa Ujerumani mwaka 1885, na mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani aliyoiasisi ikakabidhiwa na Sultani wa Zanzibar usimamizi wa pwani pamoja na forodha zake. Kampuni ilikuwa na bendera, askari na ushuru, na wenye hisa walikuwa Ulaya. Agosti ya mwaka huo walipotweka bendera yao Pangani, watu walikataa. Abushiri bin Salim akaongoza vita, ikabidi Bismarck, kansela wa Ujerumani, amtume afisa wake Wissmann na jeshi, na ilipofika 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua utawala yenyewe. Kampuni ilikusanya ushuru, gharama ya vita ikawaangukia walipa kodi wa Ujerumani. Na huyo mtu wa Pangani, mwenye minazi na makaburi ya wazee wake pale pale, angehamia duka gani?

Kuna na jingine ambalo kijana wetu hajaliuliza, nalo ni kiti chake katika kampuni hiyo. Wengi katika kundi lile wanashikilia kwamba jamii za wanadamu zinatofautiana akili kwa asili, na sidhani kwamba mkurugenzi wanayemwota ana sura ya mjomba wake wa Kariakoo.

Ukija Idi, tafadhali uje na kile kitabu chako cha historia ya pwani, maana kijana ananidai ushahidi wa mapato ya forodha ya Pangani, na kwa uhasibu wake hatakubali maneno matupu.

Wasalimie wote nyumbani.

Akupendaye,
Rafiki yako