Mlima wa mazoezi? Pandeni nyie kwanza

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu linauzwa shilingi mia mbili na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini ile makala yenu ya utalii wa ndani mlipouita Mlima Meru wa Arusha "mlima wa mazoezi" ya Kilimanjaro, eti na hali ya hewa nzuri mwaka mzima, hapo mmenitoa kwenye ukimya.

Sisi ni kikoba, wanawake kumi na mmoja. Kila mwaka tukivunja na kugawana akiba tunanunua vyombo. Safari hii mwenyekiti akaipiga picha makala yenu akairusha kwenye grupu, basi kila mtu akawa mpanda milima. Januari, kiangazi, jua la kupasua utosi, nani abebe koti? Watu wamekuja na raba za kukimbilia ufukweni na khanga begani.

Siku ya kwanza kutoka geti la Momella hadi kambi ya Miriakamba sina la kulalamika, twiga wako pale, nyati wako pale, askari na bunduki yake mbele, selfie kama zote. Siku ya pili ni ngazi. Mhariri unazijua zile ngazi za mbao? Huzijui. Kambi ya pili, Saddle, tulifika mchana, mita 3,570, na ndani ya dakika kumi ukungu ukafunga hadi choo tukakitafuta kwa tochi.

Saa saba usiku tukaanza kupanda, nyota zote nje, mwenyekiti anaimba. Tumepita tu Rhino Point upepo ukaja kama mtu ana ugomvi na wewe, halafu mvua, halafu ile mvua ikawa chembe za barafu zinachoma usoni, na chini ni majivu ya volkano, unapiga hatua mbili unarudi moja, ukiliacha jivu unakutana na jiwe lenye utelezi, na upande mmoja ni kreta, maana mlima huu ulishabomoka upande wote wa mashariki zamani hizo, kuta zake kama zimekatwa kwa panga, ukiteleza hakuna wa kukuokota. Mwenzetu mmoja soli ya raba ikaachia yote. Mwingine akaanza kutetemeka, kisha akaacha kutetemeka, akawa anamwita mwanae aje ale, mtoto yuko Mbagala! Mimi nilidhani anatania. Askari ndiye aliyejua kwamba baridi imeshamzidi mwilini, akavua koti lake akamvika akasema hapa tunageuka, na wale watano waliokuwa mbele hawakusikia chochote, tulikuja kuonana nao saa nne asubuhi. Kilele hicho, mita 4,566, nimekiona kwenye kalenda tu.

Hayo ndiyo mazoezi yenu.

Na kwa kuwa nimeshaanza acha nimalize, hivi kwa nini hamuandiki kuhusu wagumu, wale wapagazi wa mlimani? Kijana aliyenibebea begi alikuwa na viatu vya mtumba vimefungwa kamba ya katani, na huyo ndiye aliyeshuka na mwenzetu mgongoni hadi Saddle. Kule Kilimanjaro sheria inasema mzigo wa mgumu usizidi kilo 20, getini wanapima sawa, lakini mbele ya geti nani anabeba mizani? Tipu nayo tulimkabidhi wakala, simtaji, kijana ananiambia siku ya kuagana kwamba yeye hajaona kitu. Ningekuwa na hela nyingine ningempa, nilibakiwa na nauli.

Sasa ushauri wangu. Pale getini wawekwe watu wawili wa kukagua mabegi kama wanavyokagua uwanja wa ndege. Huna soksi nzito jozi tatu na koti lisilopitisha maji, unarudi zako Arusha mjini ukale nyama choma. Na aliyeandika ile makala nimpe raba zangu, saizi 39, zina matundu mawili tu, alale Saddle usiku mmoja halafu aandike upya.

Halafu ile picha mliyoweka imepigwa kutoka mjini. Njia ya kupandia iko upande wa pili wa mlima.

Mama wa kikoba,
Mbagala, Dar es Salaam