Kwa vijana wetu mliosoma Uingereza: tupeni Jumamosi zenu

Wanangu,

Salamu nyingi kwenu. Nawaandikia nyinyi mliokuja hapa wadogo, na wengine mliozaliwa hapa hapa, mkasoma, na leo mna kazi zenu London, Leicester, Coventry na kwingineko. Nimeona mnachanga fedha za sherehe ya kuwapongeza watoto waliofaulu mitihani. Ni jambo jema, Mungu awazidishie. Ila mtoto aliyefaulu mara nyingi ana mtu nyuma yake. Mimi namsemea yule asiye na mtu: nawaomba mumpe muda wenu kila wiki, mmsaidie na shule.

Nendeni siku moja kwenye kikao cha wazazi katika shule ya sekondari. Mama ametoka moja kwa moja kazini, kuhudumia wazee, sare ingali chini ya koti. Mwalimu anasema haraka, maana dakika ni chache na foleni ni ndefu. Mkalimani ni mtoto mwenyewe: "Anasema niko sawa, ila nipunguze maneno darasani." Mama anashukuru, anainuka. Kumbe mwalimu amesema kijana atafanya hesabu za ngazi ya chini. Na kwenye GCSE, mitihani ya taifa ya wanafunzi wa miaka kama 16, anayefanya hesabu za ngazi ya chini, hata akipata maswali yote, hapandi zaidi ya alama ya 5. Wa ngazi ya juu ndiye anayeweza kufika 9. Ndoto ya uhandisi imekatika pale mezani na mama hana habari. Nyinyi mngekuwepo mngeuliza: kwa nini amewekwa huku, lini atapimwa tena, afanye nini ili apande? Mfumo huu mnaujua kwa sababu mmeupitia.

Wenzetu waliotutangulia nchi hii walikutana na makubwa kuliko haya. Miaka ya 1960 watoto wa Kikaribi walikuwa wakipelekwa kwa wingi kwenye shule za walioitwa wapungufu wa akili. Mtoto akizungumza Kiingereza cha kwao Jamaika, au akishindwa mtihani uliojaa mambo asiyowahi kuyaona, basi anahesabiwa hana akili. Bernard Coard, Mgrenada aliyefundisha katika shule hizo, aliyaandika yote hayo kwenye kijitabu mwaka 1971, na wachapishaji walikuwa New Beacon ya John La Rose na Sarah White. Aliwahimiza wazazi waende shuleni, waulize, tena waanzishe madarasa yao wenyewe. La Rose alikuwa ameshaanza: tangu 1969 watoto walikuwa wakifundishwa nyumbani kwake kaskazini mwa London, na darasa hilo likaja kuitwa kwa jina la George Padmore, Mtrinidad aliyepigania uhuru wa Waafrika. Hakusubiri ukumbi wala ruzuku. Na ni huyo huyo La Rose, Mtrinidad, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoundwa London mwaka 1982 kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiwe. Alitufaa, ilhali si wa kwetu.

Kwa hiyo msijifungie na Waswahili peke yetu. Polisi akimsimamisha kijana mweusi barabarani haulizi babake ametoka Pemba, Bukavu au Kingston. Wakaribi wana miaka mingi katika kazi hii, basi kaeni nao, jifunzeni kwao.

Ninachowaomba ni kidogo, lakini ni kigumu. Kila mmoja wenu achukue mtoto mmoja, awe mlezi wake, wakutane siku ile ile, saa ile ile, kila wiki, mpaka amalize shule. Anayeona atakuja mara tatu kisha apotee, namsihi asianze kabisa. Wapo watoto wetu waliokwisha kuachwa na watu wazima, na kuachwa tena na aliyejiita mlezi kunaumiza zaidi.

Someni naye, ndiyo, lakini someni pia barua za shule pamoja na mzazi. Mtoto akifukuzwa shule kabisa, asirudi tena, bodi ya shule inatakiwa ikutane ndani ya siku 15 za shule kulijadili jambo hilo, na mzazi ana haki ya kusema mbele yao na kwenda na mtu wa kumsaidia. Barua hiyo nimeiona ikikaa juu ya friji mpaka siku zinapita, kwa kuwa mama aliona aibu kumwonyesha mtu. Awe na mlezi wa kumpigia simu usiku ule ule.

Msiwasahau mabinti. Mvulana akiharibika kelele zinasikika, lakini binti anayepika, analea wadogo zake na kukosa muda wa kusoma hatajwi, kwa kuwa hamsumbui mtu. Na wazazi muwaheshimu. Msiingie nyumbani kwa mtu kumfundisha malezi.

Shule zinafungua Septemba. Ukaguzi wa DBS, yaani wa serikali kuangalia kama mtu ana rekodi ya makosa ya jinai, unaweza kuchukua wiki kadhaa, na serikali haitozi ada kwa anayejitolea, kwa hiyo uombeni mapema. Hakuna atakayekaa na mtoto kabla haujatoka. Ukumbi tuachieni sisi wazee. Aliye tayari aniletee jina lake na mtaa anaoishi, nimtafutie mtoto wa karibu naye, asije akashindwa na nauli.

Mama yenu