Huku ukuta umebomolewa

Tollesbury, Essex

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na hilo la ukuta limenikaa moyoni. Wasema kuna wanaotaka mikoko ya mbele ya kijiji ikatwe, ujengwe ukuta wa kuzuia bahari. Basi nikwambie ya huku ninakoishi.

Pwani hii ya Essex, mashariki mwa Uingereza, imezungushiwa kuta za udongo tangu zamani. Usiku wa Januari 31, 1953 bahari ilizipita, na Uingereza ikapoteza watu zaidi ya 300. Hata hivyo mwaka 1995, hapa Tollesbury, waliutoboa ukuta makusudi, maji yakaingia mashambani. Walitaka kinamasi cha maji chumvi kirudi.

Ukikiona maji yamekupwa utasema ni tope tu. Inama, shoga. Kuna mimea mifupi, minene, na mingine imetoa punje za chumvi juu ya jani, vilevile kama mchu, ule mkoko wetu wa Lamu. Nililamba jani moja, nikakumbuka nyumbani. Bamvua likija, maji hupita kati ya mashina, hupungua kasi, huangusha tope. Wimbi hufika nchi kavu halina nguvu. Na lile tope hupanda kidogo kidogo pamoja na bahari, jambo ambalo ukuta hauliwezi. Mizizi ikifa huzikwa humo pasipo hewa, haiozi upesi, na kaboni yake hubaki chini karne kwa karne. Vijito vya humo hujaa samaki wachanga. Majira ya baridi mabata bukini huja kutoka Siberia.

Lakini kinamasi kinataka pa kurudi nyuma. Bahari ikipanda na nyuma kuna ukuta, hubanwa mpaka kikaisha. Ndiyo maana waliutoboa. Tena vinamasi vipya bado havijawa kama vya asili, mimea mingine ni haba mno. Kisiwani Wallasea, papa hapa Essex, walimwaga zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye njia za reli chini ya London, wakainua ardhi, ndipo wakaifungulia bahari mwaka 2015. Gharama yote hiyo, kutafuta kitu ambacho nyinyi mnacho tayari!

Barazani waulize wazee: kati ya mikoko na nyumba mtaacha nafasi kiasi gani? Na mjomba asiuze kile kiwanja cha nyuma ya mikoko kabla hamjakaa mkazungumza. Nijibu upesi.

Wako,
Zuhura