Mhariri, tuoneshe na upande wa nyuma wa postikadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie picha kubwa ya zamani ya mji wa Dodoma uliyoichapisha majuma mawili yaliyopita, ile inayoonesha stesheni ya reli, miti michache na watu waliosimama juani, ambayo chini yake gazeti liliandika kuwa ni Dodoma ya enzi za Mjerumani. Nakushukuru kwa kuichapisha, maana hapa Majengo ninapofanya kazi ya kutia picha fremu nakala moja ya gazeti lile ilipita mikono mingi mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Hata hivyo, picha ile ni postikadi, na postikadi ina pande mbili. Ulitupa upande mmoja tu, nami nina sababu ya kuamini kwamba umri wake ungejulikana kwa urahisi zaidi katika upande ambao hatukuoneshwa.

Kwenye ukingo wa chini wa picha, pale ambapo mpangaji kurasa alisahau kukata, yanasomeka kwa taabu maandishi madogo meupe yenye neno Dodoma na, baada ya hilo, neno Tanganyika. Wajerumani hawakuiita nchi hii Tanganyika; kwao ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Tanganyika lilikuwa jina la ziwa. Waingereza ndio walioipa nchi jina hilo mwaka 1920, wakati Wajerumani walikwisha kuondoka Dodoma tangu mwishoni mwa Julai 1916, majeshi ya upande wa Waingereza yaliyotokea Kondoa Irangi yalipoingia mjini. Kwa hiyo kadi hiyo, kama kadi, haiwezi kuwa ya enzi za Mjerumani. Nasema "kama kadi" kwa makusudi, kwa sababu picha yenyewe yaweza kuwa na umri mkubwa kuliko kadi iliyoibeba: wachapishaji wa zamani waliweza kuitumia picha ile ile kwa miaka mingi, wakibadilisha maneno ya chini tu kila nchi ilipobadili mtawala. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Dodoma mwaka 1910, hivyo mpiga picha wa zama za Mjerumani alikuwa na kama miaka sita tu ya kuipiga stesheni hiyo. Huenda mwandishi wako amepatia kuhusu picha na kukosea kuhusu kadi. Afadhali kosa hilo kuliko zile picha zinazozunguka katika simu zetu zikiwa zimeandikwa "Dodoma 1890" ilhali treni inaonekana waziwazi imesimama.

Wanaokusanya postikadi za zamani hawaanzi kwa kutazama picha, ingawa picha ndiyo iliyowavutia kununua. Wanaigeuza kadi. Kadi ya kwanza kabisa ya posta, iliyotolewa na serikali ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, haikuwa na picha yoyote. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye upande wa anwani na upande wa maneno. Picha zilipoanza kuwekwa, zilichukua upande wa maneno, na sheria za posta za nchi nyingi hazikuruhusu kuandika chochote isipokuwa anwani kwenye upande wa pili. Ndiyo maana katika kadi za miaka ile utakuta salamu zimebanwa kwenye ukingo wa picha, au zimepanda angani juu ya vilima, au zimeandikwa juu ya vifua vya watu. Waingereza waliruhusu upande wa anwani ugawanywe kwa mstari katikati mwaka 1902, na Wajerumani wakafanya hivyo mwaka 1905. Kadi ya Kijerumani yenye mstari huo, basi, kwa kawaida si ya kabla ya 1905, hata kama aliyekuuzia anaapa.

Stempu nayo inasema. Koloni la Wajerumani lilitumia rupia, ambayo kwanza iligawanywa katika pesa 64 na baadaye katika heller 100. Stempu za heller zilitoka mwaka 1905. Waingereza walipoiteka nchi, walichukua stempu za Afrika Mashariki na Uganda wakazigonga juu yake herufi tatu, G.E.A., na kuanzia 1922 tukawa na stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga, ambazo kwa macho yangu ndizo nzuri kuliko zote zilizopata kubandikwa nchini humu. Mwaka 1935 zikaja stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika. Juu ya yote hayo kuna muhuri wa posta wenye jina la mji na tarehe, na kama mpiga muhuri hakuwa na haraka siku hiyo, kazi imekwisha. Lakini msomaji asisahau kwamba muhuri unataja siku kadi iliyotumwa. Siku picha ilipopigwa ni jambo jingine. Kadi yaweza kukaa dukani miaka kumi kabla mtu hajainunua.

Nimejifunza haya kwa kuchelewa, na kwa hasara ya mtu mwingine. Mwaka 1999 mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Mvumi aliniletea postikadi yenye picha ya minazi kando ya bahari, akataka niitie fremu. Baba yake alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika) katika Vita Kuu ya Pili, na kadi hiyo ndiyo pekee iliyofika nyumbani, kupitia sanduku la posta la misheni, kwa kuwa familia nyingi za vijijini hazikuwa na sanduku lao. Wakati huo nilitia fremu kwa namna nilivyofundishwa: nilipaka gundi nyeupe ya mbao kwenye kipande cha plaiwudi, nikaibandika kadi, nikaipitisha roli isibaki na pumzi, nikafunika kwa kioo. Sikuigeuza. Ilipendeza, na mama akalipa kwa furaha.

Miaka mitatu baadaye alirudi akiwa ameifunga fremu ile katika khanga, na kando yake yupo mjukuu aliyekuwa kidato cha pili. "Fundi," akaniambia, "fungua hii, mjukuu wangu anajua kusoma, atusomee aliyoyaandika babu yake huko nyuma." Alieleza kwamba marehemu mama yake, aliyesomewa kadi hiyo na mwalimu wa misheni siku ilipofika, alikuwa akiikariri mpaka uzeeni, na kwamba ilikuwa na agizo kuhusu ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe ambaye hakutakiwa kuuzwa kwa hali yoyote. Nilijaribu kuibandua kwa mvuke wa birika. Kadi ilitoka vipande vipande, na wino wake ukabaki kwenye plaiwudi ukiwa umegeuka kinyume, tukalazimika kuleta kioo cha kunyolea ili tuusome. Neno lililosomeka lilikuwa moja tu, nalo ni "ng'ombe". Hapakubaki stempu, wala muhuri, wala jina la mchapishaji. Mpaka leo nusu ya ukoo ule inaamini kuwa minazi ile ni ya Dar es Salaam, na mama mwenyewe anashikilia kuwa ni ya Ceylon, nchi inayoitwa sasa Sri Lanka, ambako askari wa Afrika Mashariki walifanyia mazoezi kabla ya kupelekwa Burma mwaka 1944. Naelekea kumwamini mama, lakini minazi ni minazi, na mimi ndiye niliyeharibu ushahidi.

Tangu hapo nimekuwa nikiziangalia kwa namna nyingine kadi zinazoletwa kibandani kwangu, na kadiri ninavyoziangalia ndivyo zile zenye sura za watu zinavyonisumbua zaidi kuliko za majengo. Wapiga picha wa zama zile walijulikana kwa majina yao. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi Dar es Salaam, picha zake zimehifadhiwa kwa wingi katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani; na Unguja walikuwepo Wagoa wenye studio, kama Gomes na Coutinho, ambao majina yao yanasomeka kwenye kadi zao hadi leo. Aliyepigwa picha hakupewa jina. Ameandikwa "Mgogo", au "shujaa wa Kigogo", au "mwanamke wa Ugogo", kana kwamba ni aina ya mti. Nyuma ya kadi Mjerumani mmoja anamwandikia shangazi yake kwamba joto ni kali na kwamba soksi alizomtumia zimefika salama. Nimewahi kuishika kadi ya namna hiyo: kijana amesimama na mkuki, nywele zake zimesokotwa na kupakwa udongo mwekundu, masikio yametogwa, anatazama moja kwa moja kwenye kamera bila tabasamu. Mzee mmoja wa Kikuyu, kata ya hapa hapa Dodoma, nilipomwonesha, hakusema lolote kuhusu mkuki. Alisogeza kadi karibu na jicho na kuanza kueleza ususi ule wa nywele ulivyosukwa na ulivyokuwa ukichukua muda, jambo ambalo halikuandikwa mbele wala nyuma ya kadi. Wazee wenye maarifa ya namna hiyo wanapungua kila mwaka, na kwa upande huo gazeti lako linaweza kufanya kazi ambayo mkusanyaji wa Ulaya, kwa fedha zake zote, hawezi kuifanya.

Kadi za mikoa yetu ya kati si nyingi kama za Unguja na Dar es Salaam, na hilo halishangazi, kwa kuwa abiria wa meli walishuka bandarini wakanunua kadi kisha wakaendelea na safari, ilhali aliyefika Ugogo alikuwa na shughuli maalumu: ofisa, mmisionari, mjenzi wa reli, mfanyabiashara. Zipo hata hivyo, na wanaozitafuta wanapaswa kujua kwamba tahajia ya zamani huwapotosha wengi. Mpwapwa, uliokuwa kituo cha misafara na boma la Wajerumani kabla Dodoma haijawa mji, wao waliuandika "Mpapua", na anayetafuta kwa jina la leo anaweza kuipita kadi ya kwao bila kujua. Vyama vya misheni navyo vilichapisha kadi za shule na hospitali zao kwa ajili ya kuchangisha fedha Ulaya, na baadhi yake bado zimo katika Biblia za wazee, zikitumika kama alama ya ukurasa.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kila utakapochapisha postikadi ya zamani, chapisha pande zote mbili, hata kama ya nyuma itakuwa ndogo kama kisanduku cha kiberiti, na maneno ya chini yaseme kilichosomwa kwenye kadi kando ya kile kinachokisiwa. Ningependa pia utenge kona, hata mara moja kwa mwezi, ambamo wasomaji wa Dodoma, Singida na Kondoa wataleta picha walizozipiga kwa simu za kadi walizonazo, mbele na nyuma, ili wengine waseme wanachokijua. Kadi zenyewe zibaki kwa wenyewe, zisitumwe. Na kama nyuma kuna anwani au habari za watu walio hai, ifunikwe kwa kidole wakati wa kupiga picha.

Kwa wale watakaofungua masanduku yao baada ya kusoma barua hii, naomba waniruhusu neno la fundi. Msibandike kadi kwa gundi wala kwa selotepu, na msiipeleke ikafunikwe plastiki kwa mashine ya moto, kwa sababu hilo haliondoki tena. Mkitaka kuandika jambo nyuma, tumieni penseli. Ukavu wa Dodoma ni rafiki wa karatasi kuliko unyevu wa pwani, lakini mchwa wetu hawana huruma, hivyo sanduku lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa udongo. Ukiwa na lenzi ya kukuzia, itazame picha kwa karibu: ukiona vinukta vidogo vilivyopangwa kwa safu, imetoka kwenye mtambo wa uchapaji, na huenda wenzako wengi wanayo, ukiona kivuli kinachofifia taratibu bila kinukta chochote, huenda ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya kadi, na ya namna hiyo pengine zilitolewa chache sana. Anayetaka kuitundika aombe fundi wake aishikilie kwa pembe nne za karatasi, bila gundi kugusa kadi, na aweke kioo mbele na kioo nyuma. Inagharimu kioo kimoja zaidi, na ndivyo ninavyofanya siku hizi hata mteja asipoomba.

Na huyo mwenye kadi ya stesheni, kama bado hamjamrudishia, namwomba mwandishi wako aigeuze kabla hajaitia kwenye bahasha, asome muhuri, na atuchapishie tarehe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi fremu,
Majengo, Dodoma.