Kubezwa kwa intaneti si ushahidi kwa Bitcoin

Mhariri,

Kila anayetilia shaka sarafu za kidijitali siku hizi hujibiwa kwamba hata intaneti ilibezwa ilipoanza. Naomba nafasi niseme kwamba jibu hilo halithibitishi lolote, na kwamba linawaponza watu.

Ni kweli ilibezwa, tena na wajuzi. Robert Metcalfe, mmoja wa wavumbuzi wa Ethernet, teknolojia ya kuunganisha kompyuta kwa mtandao, aliandika mwishoni mwa mwaka 1995 kwamba intaneti ingeporomoka mwaka uliofuata. Mwaka 1997 aliisaga makala hiyo kwa maji jukwaani, akaimeza. Lakini waliomshinda Metcalfe ni mamilioni ya watu waliokuwa wakiandikiana barua pepe na kusoma tovuti, ambao manufaa yao hayakumtegemea mnunuzi mwingine ajaye kulipa bei ya juu zaidi.

Bitcoin, mojawapo ya sarafu hizo za kidijitali, ipo tangu Januari 2009, na wengi walio nayo wameiweka tu wakingoja ipande. Jaribio kubwa la kuifanya fedha ya kila siku lilifanywa na El Salvador, nchi ya Amerika ya Kati, ambayo Septemba 2021 iliitambua kuwa fedha halali na kumpa kila raia aliyejisajili kwenye programu ya serikali Bitcoin za thamani ya dola 30. Wengi walizitumia dola hizo kisha wakaachana na programu yenyewe, na Januari 2025 bunge likaondoa sharti la wafanyabiashara kuipokea Bitcoin. Hao hawakuwa wabezaji waliokataa kujaribu, walijaribu. Sarafu zilizofungamanishwa na dola ni habari nyingine, na zinawafaa baadhi ya watu wanaotuma fedha ng'ambo, lakini hizo zinawafaa kwa kuwa bei yake haipandi wala kushuka ovyo.

Tena, hata walioiamini intaneti hawakusalimika. Faharisi ya Nasdaq, kipimo cha bei za hisa za kampuni nyingi za teknolojia za Marekani, ilivuka alama 5,000 Machi 2000, ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kufikia Oktoba 2002, na haikukirejea kilele kile hadi mwaka 2015, ingawa muda wote huo matumizi ya intaneti yalizidi kukua. Anayemshawishi mstaafu atie kiinua mgongo chake kwenye sarafu hizi kwa kutaja intaneti ana wajibu wa kumwonyesha miaka hiyo 15 pia, na kumweleza atanufaika vipi iwapo bei haitapanda.

Msomaji wako