Maumivu yasisubiri hadi hospitali

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa kutumia fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwenye magari ya wagonjwa usiishie kwenye hofu ya uraibu. Dereva wa bodaboda aliyevunjika paja Boma Ng'ombe huyahisi matuta yote hadi Moshi, na panadoli haimsaidii kitu. Fentanili inaweza kupulizwa puani, bila kuhangaika kutafuta mshipa gizani, na hutuliza ndani ya dakika chache.

Ni kweli, ina nguvu hadi mara 100 ya mofini, dawa nyingine kali ya maumivu, na ikizidi hukata pumzi. Basi akabidhiwe mhudumu aliyefunzwa tu, mwenye oksijeni na naloksoni, dawa ya kutengua nguvu ya fentanili, na kila kichupa kisainiwe daftarini, hata kilichobaki nusu. Wizara ya Afya ianzie barabara ya Arusha–Moshi.

Msomaji,
Moshi