Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tumbo la Mtoto Njiti na Maambukizi ya Damu

Assalamu alaykum wanachama wenzangu wa Wete, Micheweni, Chake na Mkoani, na nyie mliohamia Unguja. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka kwa jumuiya yetu ya wazazi wa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya kutimia, na ambaye hakuja mkutanoni aisome hapa hapa kwenye simu. Habari za ada na matumizi atazieleza mshika fedha, mie nnataka niseme jambo moja tulolishikilia mwaka mzima, nalo ni matumbo ya watoto wetu.

Mana wengi wenu suali lenu lilikuwa moja. Mtoto kazaliwa kilo moja na kidogo, siku za mwanzo kapita salama, rangi nzuri, kila mtu nyumbani ashaanza kushukuru, halafu wiki ya pili au ya tatu ghafla anapoa mwili, tumbo linajaa, pumzi inasita sita, unaambiwa kaingia maambukizi kwenye damu. Sasa yametokea wapi na mtoto hajatoka hata mlango wa wodi? Hapo ndo watu huanza kutafuta wa kumlaumu, mara nesi, mara wifi aliyekuja kumtazama, mara husda, na aghlabu mama mwenyewe ndo anajibebesha yote peke yake akilia usiku.

Jamani kina mama, nisikilizeni. Mara nyingi kile kijidudu kilikuwemo tumboni mwa mtoto kabla. Marekani kule St. Louis, Chuo Kikuu cha Washington, wataalamu waliweka akiba choo cha watoto njiti, halafu wale walioumwa wakachukua bakteria aliyekutwa kwenye damu wakamlinganisha na waliokuwemo kwenye choo cha siku za nyuma. Utafiti ulitoka 2023, na zaidi ya nusu ya watoto wale bakteria yule yule, ukoo ule ule hasa, alikuwa keshakaa tumboni na keshazaana mtoto bado hajaonesha dalili yoyote. Na baadhi ya hao bakteria walikutwa na kwa watoto wengine wa wodi ile ile, kwa hiyo vinahama, na vinahama zaidi kwa mikono yetu.

Kwa nini njiti na si mtoto aliyetimia? Kwanza ukuta wa utumbo wake haujakomaa, bado unapitisha vitu ambavyo havitakiwi kupita. Ute unaoulinda ni mwepesi, asidi ya tumbo ni kidogo, na ile kinga anayoipata kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma hupita kwa wingi miezi ya mwisho ya mimba, sasa aliyezaliwa wiki ya 29 hakuipata ya kutosha. Halafu tumbo lake ni kama shamba jipya, anayewahi kupanda ndo anayelimiliki. Mtoto aliyetimia anayenyonya anapata bakteria wema wa mama yake, hasa wale wanaoitwa Bifidobacterium. Njiti anakaa kwenye inkubeta, analishwa kwa mpira, anapewa antibayotiki, basi wanaowahi kwake ni bakteria wanaoweza kuleta maradhi, Klebsiella na E. coli na wenzao. Wakizidi wanaweza kuvuka wakaingia damuni, au utumbo wenyewe ukavimba na kuanza kufa, huo ugonjwa madaktari wanauita NEC, na unawapata zaidi walio chini ya kilo moja na nusu.

Hizo antibayotiki naomba mtu asinielewe vibaya. Mtoto mwenye maambukizi bila dawa anaweza kufa, na sie si madaktari wa kumwambia mtu aache. Ila dawa hiyo haichagui, inaua wabaya na wema, na zipo tafiti zilizoona kuwa njiti wadogo sana waliopewa siku nyingi bila ya maambukizi kuthibitishwa walipata NEC zaidi. Kwa hiyo mzazi kumuuliza dokta kwa adabu "majibu ya damu yamesemaje, tunaendelea mpaka lini" si utovu wa heshima, ni haki yako.

Sasa kazi tuliyoifanya. Nguvu nyingi tumezitia kwenye maziwa ya mama, na kamati yote tulikuwa kauli moja. Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi, zinapita mpaka utumboni kuwalisha bakteria wema, na yana kinga inayowashika wabaya wasigande kwenye ukuta wa utumbo. Yale ya mwanzo ya manjano, hata tone moja la kumpaka mdomoni, usiyamwage. Dada zetu waliokwisha lea njiti wamekuwa wakikaa na kina mama wapya kuwaonesha kukamua kwa mkono, kuanzia saa za mwanzo baada ya kujifungua, mara nane au zaidi kwa siku pamoja na usiku, hata kama yanatoka kidogo, mana titi lisipokamuliwa linakata. Wapo waliokata tamaa siku ya tatu na leo watoto wao wananyonya wenyewe.

La pili ni kifuani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo 2022 kwamba njiti awekwe kifua kwa kifua na mama mara tu baada ya kuzaliwa, asingojwe mpaka atulie, na hilo lilitokana na utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotoka 2021. Watoto wa kilo 1 mpaka chini ya 1.8 waliowekwa kifuani mapema walifariki asilimia 12, wa utaratibu wa zamani asilimia 15.7. Na maambukizi pia yalipungua. Kifuani mtoto anapata joto, anapata bakteria wa ngozi ya mama yake, na haguswi na kila mtu. Kina baba na nyie kifua mnacho, mama akienda kuoga shikeni zamu.

La tatu lina maneno mengi, nalisema wazi. Njiti hapewi kitu chochote zaidi ya maziwa na dawa ya spitali. Si maji ya shamari, si habasoda, si maji ya sukari, si asali, na asali hata mtoto aliyetimia haifai mpaka atimize mwaka. Najua bibi anataka kumfanyia mjukuu wake tahniki, kumpaka tende iliyotafunwa kinywani, na ni sunna tunayoipenda, lakini mtoto huyu bado analishwa kwa mpira, mwambieni bibi kwa upole angoje mpaka dokta aseme tumbo limekuwa tayari, dini yetu haitaki madhara.

Kuna wanachama walitaka tuchange tuagize probayotiki kutoka nje, hao bakteria wema wa kwenye vichupa. Kamati imekataa na mie ndo nilikuwa wa mwanzo kukataa. Si kwamba hazifai. Australia na New Zealand walijaribu, 2013 wakasema NEC ilipungua, Uingereza wakajaribu aina nyengine 2016 hawakuona faida, na 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti kufariki kwa bakteria yule yule aliyekuwemo kwenye bidhaa aliyopewa. Kwa hiyo ni jambo la madaktari na dawa iliyokaguliwa, si la mchango wa simu. Sie Wapemba tunalijua hili kuliko wengi, ile dawa ya kupaka kitovu, klorheksidini, ilifaa kwengine ikaja kupimwa hapa hapa kwetu kwa watoto zaidi ya 36,000, na ikaonekana haikupunguza vifo kwa kiasi cha kuthibitika ukilinganisha na kitovu kilichoachwa kikavu na kisafi.

Dalili tumeziandika kwenye karatasi ya ukutani na nazirudia: tumbo kuvimba, kutapika kijani, choo chenye damu, mwili kupoa au kupanda joto, kuacha kunyonya, pumzi kusita. Ukiona hata moja, mwite nesi sasa hivi, na kama mko nyumbani usingoje asubuhi.

Mwaka ujao kipaumbele ni nauli na chakula kwa mama anayetoka mbali, hasa wa Kojani na visiwa vyengine, mana mama akirudi nyumbani kwa kukosa pa kulala maziwa nayo yanakatika. Tarehe 17 Novemba, siku ya watoto njiti duniani, tunataka tukae wodini na kina mama, hotuba tuzipunguze. Wa kujitolea kwa zamu za kukamua amwambie katibu, na akija kucha ziwe zimekatwa, pete na bangili zibaki nyumbani.